Gramu Moja, Tani Moja: Kisa cha Mikasa Yetu Iliyopinduka Igombe

Mikasa yetu, mfano tuliojijengea wa manowari ya zamani ya Kijapani yenye jina hilo, ilipinduka Jumamosi, saa kumi na robo alasiri, mita kama kumi na tano kutoka ufukwe wa Igombe, Mwanza. Ilikuwa imekaa majini dakika tisa tu. Iliinama upande wa kulia, ikasita, ikawa kama inataka kurudi, kisha ikalala moja kwa moja. Milingoti ikatangulia kuzama, na tulichobaki kukiona ni tumbo jekundu na mkuku, uti wa chini kabisa wa meli, umeelekea juu. Miezi saba ya kazi ya watu watano.

Watoto waliokuwa wakicheza kando ya mitumbwi ya dagaa iliyokuwa ikiandaliwa kwa usiku walicheka, kama watoto wanavyocheka kitu kikianguka. Mzee mwenye banda aliwageukia akawaambia kwa sauti ya chini, "Acheni. Hilo halichekwi hapa." Wakanyamaza. Kwa Mwanza, mtu yeyote aliyekuwa na akili zake tarehe 21 Mei 1996 anajua kwa nini mkuku ulioelekea juu hauchekeshi. MV Bukoba ilipinduka siku hiyo, imebaki kidogo ifike Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu, na wengi wao wamelala makaburini Igoma. Mzee alikuwa miongoni mwa waliokwenda kupokea maiti. Kwa hiyo jioni ile hakuna aliyesema "ni mfano tu". Tuliibeba meli hadi bandani, tukaiweka juu ya magunia, maji yakichuruzika kila tundu, na mwalimu akasema kabla hatujaachana kwamba anataka kujua sababu mpaka gramu ya mwisho.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa kuwa kosa letu halikuwa la uzembe. Tulipima, tukafuata ramani, na meli ilipowekwa majini mstari wake wa maji ulikaa pale pale ulipochorwa, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Mstari huo ndio uliotudanganya.

Meli na watu wake

Tuko watano. Mzee ni fundi mitumbwi wa Igombe, na banda ni lake. Mwalimu anafundisha fizikia sekondari. Yupo kijana mkereza vyuma kutoka Igogo, yupo dada anayeuza rangi na vifaa vya ujenzi karibu na soko la Mlango Mmoja, na mimi, karani wa stoo, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuandika kilichoingia na kilichotoka. Tunakutana Jumamosi. Tulianza na meli za ziwani kwetu, kisha mwalimu akatuambukiza manowari za feleji (steel) za mwanzo, na tangu hapo hatujapona.

Zina mvuto wake, na si kwa ajili ya vita. Kabla yake manowari kubwa zilijengwa kwa chuma cha kufuliwa, kizito na kinene. Wafaransa walipoishusha majini Redoutable mwaka 1876, ikawa manowari ya kwanza kujengwa kwa sehemu kubwa kwa feleji. Feleji ina nguvu zaidi kwa uzito ule ule, hivyo bamba linaweza kuwa jembamba, na kilo zilizookolewa zinapelekwa kwenye silaha, injini au makaa. Miaka thelathini iliyofuata ni hadithi ya wahandisi wakigombania uzito. William White, msanifu wa Uingereza, alipochora meli za kundi la Royal Sovereign chini ya sheria ya ulinzi wa majini ya 1889, aliacha tareti nzito za kizamani, yaani vibanda vya chuma vinavyozunguka na mizinga ndani yake, kwa meli nyingi za kundi hilo, akaiweka mizinga juu ya kuta za duara za chuma. Sababu yake ilikuwa hiyo hiyo. Tareti nzito ikikaa juu sana meli inayumba, ikikaa chini sana mawimbi yanafagia sitaha. Alipopunguza uzito wa juu aliweza kuinua ubavu wa meli, na meli ikaweza kwenda baharini kweli.

Tuliichagua Mikasa kwa sababu ya wazi: ndiyo manowari pekee ya daraja kubwa kabisa (battleship) ya kizazi hicho iliyobaki duniani. Ilijengwa na Vickers, Barrow, Uingereza, ikashushwa majini tarehe 8 Novemba 1900, ikakabidhiwa Japani 1902. Admirali Togo, kamanda wa Wajapani, alikuwa ndani yake katika vita vya majini vya Tsushima dhidi ya Warusi, tarehe 27 na 28 Mei 1905. Leo imesimama Yokosuka, imezungushiwa zege chini, na watu wanapanda na kuipiga picha kila kona. Mtu wa Igombe anayetaka kujua mlango wa chumba cha mzinga unafunguka upande gani anaweza kuuona.

Urefu wake ni mita 131.7, upana mita 23.2, kina cha kuzama mita 8.3. Uzito ni tani 15,400 hivi ukizihesabu kwa kilo elfu moja moja. Mizinga mikubwa ni minne ya milimita 305, ya inchi 6 ni kumi na minne, dohani mbili, milingoti miwili, propela mbili. Kipimo chetu ni moja kwa mia, kwa hiyo mita ikawa sentimita, na bodi yetu ikatoka na urefu wa sentimita 131.7. Ndani ni mataruma (mbavu za meli) ya plaiwudi, nje mbao nyembamba za paini zilizopigwa faibagilasi. Mota mbili, betri mbili, na rimoti iliyotolewa kwenye gari la kuchezea.

Jambo moja la kipimo hiki mwalimu aliliandika kwa chaki ubavuni mwa mtumbwi uliokuwa ukisubiri kalafati: mia mara mia mara mia. Urefu ukipungua mara mia, upana mara mia, na kina mara mia, uzito unapungua mara milioni moja. Na tani moja ni gramu milioni moja. Kwa hiyo, kwa kipimo chetu, gramu moja ya mfano ni tani moja ya meli ya kweli, bila kuzungusha hesabu yoyote. Mikasa ya tani 15,400 inatakiwa iwe na kilo 15.4. Nililipenda jambo hilo tangu siku ya kwanza, lakini sikulitumia ipasavyo mpaka meli ilipokuwa imelala juu ya magunia.

Tulivyoshitakiana

Jumamosi iliyofuata kila mtu alikuja na mshitakiwa wake, na wengi walimnyooshea kidole kijana mkereza. Mizinga mikubwa ilikuwa yake. Aliikereza kutoka kwenye fito za chuma, mtutu mmoja mmoja, na kila mtutu ulikuwa mzigo wa kweli kiganjani. Dada alisema alijua tangu mwanzo kwamba chuma kitupu juu ya sitaha kitaleta balaa. Kijana hakujibu, alikaa amejiinamia akizungusha kipande cha msasa mkononi. Nami nakiri kwamba nilikubaliana na dada.

Mwalimu ndiye aliyeenda kuazima mizani ya vito ya rafiki yake wa mjini. Mtutu wa kwanza ulikuwa gramu 48, wa pili 49, wa tatu 47 na nusu, wa nne 47 na nusu. Jumla gramu 192. Kisha akatueleza kwamba mzinga wa kweli wa inchi 12 wa aina ile ulikuwa na uzito wa karibu tani 49. Mitutu ya kijana ilikuwa sahihi kupita kitu kingine chochote ndani ya meli yetu.

Na sababu yake ni nzuri kuielewa. Mzinga wa kweli ni chuma kilichojaa, na mtutu wa kijana ni chuma kilichojaa. Ukipunguza umbo kwa usahihi, uzito unajipunguza wenyewe. Lakini meli yenyewe ni kitu chenye uwazi ndani. Bamba la kweli la unene wa milimita 10, likipunguzwa mara mia, linakuwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, jembamba kama karatasi ya daftari. Sisi sitaha tuliifanya ya plaiwudi ya milimita 6, ambayo kwa meli ya kweli ni ubao mnene wa sentimita 60. Na chini, mahali ambapo meli ya kweli imebeba vyumba vya mashine, mabwela ya mvuke ishirini na tano, makaa, na mkanda wa deraya, yaani bamba la kinga, wenye unene wa milimita 229 kandokando ya mstari wa maji, sisi tulikuwa na hewa. Yaani vitu vyote vyenye uwazi vilikuwa vizito kupita kiasi, navyo viko juu, huku vitu vizito vya kweli havikuwapo, navyo ndivyo vya chini.

Kisha tukafanya kile ambacho wengi hufanya. Tulimaliza kujenga, tukaitia majini kwenye shimo la maji nyuma ya banda, tukaongeza risasi za nyavu ndani ya mifuko mpaka mstari wa maji ukakaa. Risasi zilizohitajika zilikuwa kilo 2.6 hivi, tukafurahi kwamba kazi imekuwa rahisi. Tulipaswa kuogopa. Meli inayokubali uzito mdogo wa kutuliza, ule ambao watu wa pwani huuita farumi, ni meli ambayo nafasi ya uzito imeshaliwa na vitu vya juu. Mstari wa maji hukuambia kilo ni ngapi. Haukuambii zimekaa wapi.

Mzee aliliona, na hili linaniuma mpaka leo. Siku ya shimo aliisukuma kwa kidole, ikalala na kurudi, akasema, "Inachelewa kurudi." Tukadhani anasifu utulivu wake. Ilikuwa inachukua karibu sekunde tatu kwenda na kurudi. Wavuvi wanajua kwamba mtumbwi unaorudi haraka, hata kama unasumbua tumbo, ni mtumbwi ulio salama, na ule unaolala taratibu na kusita una shida. Fizikia inasema vile vile. Lakini mzee ni mtu wa maneno machache, nasi siku ile tulikuwa na haraka ya kupaka rangi ya mwisho.

Shimo, uzi na kikombe cha mafuta

Kila chombo kina kitovu cha uzito. Kuna nukta ya pili, ambayo wahandisi huiita metasenta, inayotokana na umbo la bodi, hasa upana wake. Chombo kikilala kidogo, msukumo wa maji unahamia upande uliozama, na pale mstari wa msukumo huo unapokatiza mstari wa katikati ya chombo ndipo ilipo metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini yake, chombo kinarudi, na kikiwa juu yake, kinapinduka. Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio akiba ya chombo. Manowari nyingi za wakati wa Mikasa zilikuwa na akiba ya mita moja hivi. Kwetu sisi hiyo ni sentimita moja, milimita 10, upana wa ukucha.

Akiba hiyo hupimika bila mashine, na nitaeleza tulivyofanya kwa sababu mtu yeyote mwenye mfano unaoelea anaweza kufanya hivyo.

Tulirudi kwenye lile shimo nyuma ya banda, refu kuliko meli, tukatandika turubai, tukajaza maji tukangoja yatulie. Juu ya sitaha tulisimamisha kijiti chenye mkono, tukafunga uzi wa nailoni wa sentimita 30, na mwishoni mwa uzi nati kama timazi ya mwashi. Nati ilikuwa inaning'inia ndani ya kikombe cha mafuta ya kula ili isicheze. Kando ya uzi tukabandika rula. Meli tuliirudishia kila kitu kama ilivyokuwa siku ya ajali, mpaka ile mifuko ya risasi. Kisha mwalimu akachukua bolti ya gramu 50, akaiweka katikati kabisa ya sitaha, akasoma rula. Akaihamisha sentimita 10 kuelekea ubavuni. Tulishika pumzi. Uzi ukasogea, ukasogea tena, ukasimama milimita 24 kutoka ulipokuwa.

Hesabu ni hii: gramu 50 mara sentimita 10 mara sentimita 30, gawanya kwa uzito wa meli, gramu 15,400, mara sentimita 2.4. Jibu ni 0.4. Akiba yetu ilikuwa milimita 4. Meli yetu ilikuwa na chini ya nusu ya ilichotakiwa kuwa nacho, na mstari wake wa maji ulikuwa safi kabisa.

Hapo nikaomba daftari. Tuling'oa kila kinachong'oka, tukakipima, na mbele ya kila gramu nikaandika urefu wake kutoka mkuku. Kisha nikazidisha. Sikuwa nimewahi kuona orodha ya stoo ikigeuka namna ile, maana kitu kizito si lazima ndicho chenye hatia. Mitutu ya kijana, gramu 192 kwa urefu wa sentimita 17, ilitoa 3,264. Milingoti miwili ilikuwa vipande vya nondo ya milimita 6, gramu 178 kwa pamoja, myepesi kuliko mitutu. Lakini katikati yake ilikuwa sentimita 34 juu ya mkuku, ikatoa 6,052. Nondo hizo nilizinunua mimi. Nilizitaka kwa sababu zilinyooka vizuri.

Washitakiwa wengine wakajitokeza. Mashua ndogo za juu ya sitaha zilikuwa mninga mtupu, zimechongwa kwa uangalifu mkubwa, gramu 290. Dohani zilikuwa bomba la plastiki la maji. Betri, kilo moja na nusu, zilikaa kwenye rafu sentimita kadhaa juu ya sakafu kwa sababu ilikuwa rahisi kuzifikia wakati wa kuchaji. Na ile mifuko ya risasi haikufungwa mahali. Meli ilipolala, mifuko hiyo iliteleza upande uliolala, ikamalizia kazi.

Mwalimu alitukumbusha HMS Captain, ambayo ilikuwa ya chuma cha zamani, kabla ya feleji. Ilichorwa ubavu wake uwe futi 8 juu ya maji. Wakati wa kujenga uzito ukaongezeka kidogo huku na kidogo kule, hakuna aliyeudhibiti, na ilipotoka ubavu ulikuwa futi 6 na nusu hivi. Msanifu mkuu wa serikali, Edward Reed, alikuwa ameonya. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, karibu na Finisterre, upepo uliilaza na haikurudi. Walikufa karibu watu 480, pamoja na Cowper Coles aliyeibuni. Nilipoisikia habari hiyo nikiwa na daftari mkononi niliona aibu ya kikarani, ya mtu ambaye kazi yake ni kuandika uzito na hakuuandika.

Risasi chini ya mkuku, au milingoti ya mwanzi

Hapa tuligawanyika. Mzee alitaka tufunge ubao wenye risasi chini ya mkuku, unaoning'inia sentimita kumi chini, kama mashua za mashindano. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayeheshimu maji: uzito ukiwa chini kabisa, chombo kitarudi hata kikosewe juu. Kazi ya siku moja. "Chombo kwanza kirudi na watu," alisema, "uzuri utafuata." Watu ndani ya mfano hakuna, lakini hakuna aliyemrekebisha.

Mimi nilipinga, na bado naamini nilikuwa sahihi. Kwanza, uzito huo mpya ungeizamisha meli kupita mstari wake, labda utoe uzito kama huo mahali pengine, na ukishaanza kutoa mahali pengine umesharudi kwenye daftari. Pili, Mikasa haikuwa na kitu kama hicho. Tukiiweka, hatutajifunza kamwe jinsi White na wenzake walivyopambana na uzito wa juu kwa sababu tumelikwepa pambano lenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo lilimaliza ubishi: tufanye ya daftari kwanza, tupime tena shimoni, na tukipata chini ya milimita 10 tutafunga ubao wake bila maneno. Tena hakuna kushusha meli alasiri.

Sharti hilo la mwisho lina uzito kuliko nilivyodhani wakati ule. Mwanza upepo wa alasiri hutoka ziwani, na wa alfajiri ni mwepesi, hutoka nchi kavu. Sisi tulishusha saa kumi. Uzito wa mfano umepungua mara milioni, lakini eneo la ubavu linalopigwa na upepo limepungua mara elfu kumi tu. Ukifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, upepo wa mita 5 kwa sekunde, ule unaopeperusha kanga kwenye kamba, kwa meli yetu ni kama upepo wa mita 50 kwa sekunde kwa Mikasa ya kweli. Hiyo ni tufani. Na kiwimbi cha sentimita 6 kinachobembea ufukweni ni wimbi la mita 6. Mikasa ingestahimili kwa shida, na yetu ilikuwa na akiba ya milimita 4.

Kazi ya kurekebisha ilichukua Jumamosi tatu. Milingoti tuliibadilisha ikawa ya mwanzi, gramu 24 yote miwili, na gramu 154 zilizobaki zikashuka mkukuni. Kwa kuwa 154 ni sehemu moja ya mia ya 15,400, na zilishuka sentimita 33, kitovu cha uzito kilishuka milimita 3.3. Mlingoti tu! Dohani dada alizifinyanga kwa karatasi ya kaki iliyoviringishwa na kunyweshwa vanishi, tabaka kwa tabaka, na zikatoka nzuri kuliko za plastiki kwa kuwa mdomo wake ulikuwa mwembamba zaidi: milimita 1. Mashua alizifanya vivyo hivyo juu ya zile za mninga kama kalibu, kisha akazivua kama maganda. Gramu 290 zikawa 90, na tukapata milimita 2.5. Betri zilishushwa sentimita 2, zikatupa milimita 1.9. Risasi tulizipanga kwenye visanduku bapa tukavifunga kwa skrubu kwenye mataruma.

Sitaha ya plaiwudi tuliiacha. Ilikuwa nzito, ndiyo, na ukiisoma kwa gramu peke yake ndiyo ungeanza nayo. Lakini kuing'oa kungeharibu bodi nzima, na daftari lilionyesha kwamba vitu vinne vya juu, ambavyo kila kimoja kingeshikika kwa mkono mmoja, vilitosha. Meli ijayo itakuwa na sitaha ya milimita 3 tangu mwanzo.

Mitutu ya kijana ilirudi mahali pake kama ilivyokuwa. Dada mwenyewe ndiye aliyeifunga.

Tukarudi shimoni. Uzi ule ule, bolti ile ile, kikombe kile kile. Mara hii uzi ulisimama milimita 7 na nusu. Akiba ni milimita 13. Mzee aliisukuma kwa kidole, ikaenda na kurudi kwa sekunde moja na nusu na ushei. Akasukuma tena. Hakusema kitu, alienda kuchukua kasia.

Tulishusha Jumapili alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikirudi na karabai zimezimwa. Hatukuingia majini kwa miguu, maana kichocho cha kingo hizi hakichagui, tukatumia mtumbwi wa mzee. Wavuvi waliotupita walisalimu, "Mwangaluka," na mmoja akauliza kama ile ni meli ya serikali inayokuja. Mikasa ilienda mita mia na kitu, ikageuka, ikarudi. Jua lilipopanda na upepo ukaanza kuchangamka iliinama, digrii saba au nane kwa kukisia, ikakaa hivyo ikitetemeka kidogo, na upepo ulipolegea ikasimama wima. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili muda wote huo. Alipouachia, alimwambia kijana apige mizinga. Kijana akapiga makofi mawili, na watoto ufukweni wakapiga makofi pamoja naye.

Shida iliyobaki ni matundu ya mizinga ya pembeni. Mikasa ilikuwa na mizinga kumi ya inchi 6 kwenye sitaha ya chini, karibu na maji, na kila tundu ni mlango wa wimbi. Siku ya ajali ndiko maji yalikoingilia mara tu meli ilipoanza kulala. Safari hii tulikuwa tumeyaziba kwa plastiki ya chupa iliyokatwa, gundi pembeni, na pembe mbili za nyuma zilivuja. Tulipoitoa meli niliyanyonya maji yote ya ndani kwa sindano kubwa ya duka la dawa, nikayapima kwenye mizani ya vito, nikaandika daftarini chini ya tarehe: tani 7.